Shada kwenye Picha ya Bibi Chandrabali

Mheshimiwa Diwani; Bi Paromita Sanyal, mwongozaji wa tamthilia ya televisheni; wasanii wenzangu, hasa nyinyi wanaume mliokuja na sari zenu; na wageni waalikwa wote wa Chitpur, nawasalimu.

Nimepewa kazi ya kumuaga Nityagopal Maity, anayestaafu. Nitamsifu, lakini kwanza mjue kinachomstaafisha.

Mimi nilianza kwa kushona vifungo vya blauzi za jukwaani hadi nikamiliki kundi hili, kwa hiyo hesabu naijua. Miaka thelathini Kaka Nitya, mwanamume anayeigiza wanawake, alikuwa Bibi Chandrabali jukwaani mbele ya vijiji vizima. Kisha televisheni ikamchukua kwa vipindi arobaini na vinane, na watu wakacheka naye na kulia naye majumbani mwao. Kipindi cha mwisho, Bibi akafa. Sawa, kwenye tamthilia watu hufa. Lakini ni nani hapa Bengali asiyejua kwamba picha huvishwa shada la maua mwenye picha akishafariki? Nyinyi wa televisheni mlichukua picha ya mtu aliye hai, mkaivisha, mkaionyesha nchi nzima, kisha mkaitundika humu ukumbini, na kila asubuhi mnaibadilishia maua.

Akina mama walimiminika nyumbani kwake kumpa pole, na mchele na matunda. Aliwafungulia mwenyewe, akawachemshia chai. Mmoja akamshika mkono, akamwambia, "Pole, kaka. Marehemu dada yako alikuwa mcheshi, si kama wewe." Tulicheka wiki nzima.

Kisha akaja kazini. Poda ile ile, wigi lile lile, na sari nilimfunga mimi. Akafungua mdomo, sauti ya Bibi haikutoka. Akatazama kioo kwa muda mrefu, akaniuliza, "Huyu uliyemvisha ni nani?" Nikamgusa shingo. Mwezi Mei huu, sisi sote tumelowa jasho, shingo yake ilikuwa baridi kama sakafu. Tangu hapo hakuna msanii anayekubali kukaa mbele ya kioo kile.

Huko ndiko kustaafu? Mtu ananyang'anywa nusu yake iliyo hai, halafu anapewa saa ya ukutani na makofi?

Bi Paromita, nilipokulalamikia ulinijibu kwamba ni maua tu. Kama ni maua tu, yaondoe. Si kesho, sasa hivi, mbele ya hawa. Wageni, mpisheni. Mshikieni kiti, asianguke.

"Taratibu, binti. Utaninyofoa hereni."

Nani amesema hivyo? Hapana, msigeuke nyuma, sauti imetokea ukutani. Kaka Nitya, wewe mdomo umejaa tambuu. Bi Paromita, usishuke, malizia kulivua shada.

Haya. Kaka, tema hiyo tambuu, usimame. Jaribu sauti ya Bibi.

Ndugu zangu, mmeisikia ikitoka kinywani mwake; sina tena mtu wa kumuaga. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Sasa mpeni Bibi.