Dionis Likwata, Mtu wa Likawage Aliyepalilia Bahari

Ndugu, majirani, na wageni wetu mliopanda kutoka Kiswere na Lindi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Anayesoma ni Klementi, binamu wa marehemu. Binamu ni mtani, na mtani msibani ana ruhusa yake, kwa hiyo nikicheka msinikate jicho.

Marehemu Dionis Severini Likwata alizaliwa hapa Likawage tarehe 9 Oktoba 1930, mtoto wa kwanza wa mzee Severini na mama Magdalena. Alikulia kwenye mtama na karanga. Kupalilia alikujua kabla ya kujua Baba Yetu, maana mama yake alimfundisha kwamba jani moja likionekana kwenye tuta, watu watauliza shamba hili ni la mvivu gani.

Alianza shule ya misheni mwaka 1938, akaendelea Pugu, na mwaka 1951 akaingia Chuo cha Makerere, Kampala. Kijiji kizima kilifurahi. Furaha iliingia doa aliporudi likizo na kusema anasomea viumbe wa baharini na jinsi wanavyotegemeana. Mtu wa milimani! Mama alimuuliza, "Dionis mwanangu, wenzako wanasomea upadre, wanasomea udaktari. Nikiulizwa kisimani wewe unasomea nini, niseme nini?" Marehemu alieleza mpaka uji ukapoa. Mama hakuelewa, na swali lile lilimkaa marehemu rohoni. Alitamani sana siku moja mama awajibu watu mwenyewe, bila aibu.

Mwaka 1955 kila mwanafunzi wa darasa lake alitakiwa kuchagua jambo ambalo wataalamu wa bahari walikuwa bado wanabishania, alichunguze likizoni, kisha asimame mbele ya wenzake alitetee. Marehemu alichagua majani yaotayo chini ya maji: yana kazi gani kwa samaki? Akapanga chumba kwa Bi Biasha wa Kiswere, akazungushia vijiti na uzi vipande viwili vya pwani, ili maji yakitoka avitazame. Siku ya kwanza alitazama, mikono ikamwasha. Kipande ni chake, halafu kina majani! Akainama, akang'oa, akang'oa, hadi kimoja kikawa cheupe kama uwanja. Bi Biasha, aliyekuwa akipita na wenzake kwenda kuchokoa pweza, alisimama.

"Mwanangu, majani yamekukosea nini?"

"Nimepalilia, mama."

"Haya. Na karanga unapanda lini?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Hapo marehemu akang'amua kwamba amefyeka kile kile alichokuja kukichunguza. Angeweza kuhamisha vijiti, na kule Kampala hakuna ambaye angejua. Hakuhamisha. Aliendelea kutazama vipande vyote viwili, akaona vijisamaki na kamba wadogo wamejaa kwenye majani, na pale peupe hapana kitu ila mchanga. Majani yalipoanza kutambaa kurudi, nao wakaanza kurudi. Darasani alisimulia yote, pamoja na karanga. Wenzake walicheka, mwalimu wake akacheka, kisha wakamshikilia kwa maswali hadi jioni. Alifaulu vizuri sana.

Alihitimu mwaka 1956, akaajiriwa serikalini Lindi kushughulikia uvuvi. Tarehe 27 Aprili 1957 alifunga ndoa na Romana, mwalimu wa Rasbura, binti ya mzee Kornelio. Shemeji anajua alichoolewa nacho: kabla fungate haijaisha alimkuta bwana harusi amelala kifudifudi kwenye tope, na suruali ya harusi, akitazama kaa. Romana alivua viatu, akajilaza kando yake, akauliza, "Yuko wapi?" Walipendana hivyo hivyo mpaka mwisho. Mungu aliwajalia binti, Theresia.

Mwishoni mwa mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Hospitali walifanya walichoweza. Mwezi Juni, akirudi nyumbani kupumzika, aliomba apitie Kiswere, na mama ateremke ampokee huko. Maji yalikuwa yametoka. Yeye hakuweza kutembea, akakaa mchangani. Mama akakunja kanga, akaingia. "Inama, mama. Yafungue majani taratibu." Mama aliinama, akayafungua. Mara tukasikia kelele: "Dionis! Mbona wamejaa watoto! Kumbe humu ndimo wanamolelewa?" Marehemu alicheka huku machozi yakimtoka. Nilikuwepo, na mimi pia nililia.

Alifariki hapa nyumbani Jumamosi asubuhi, tarehe 13 Agosti 1960, mkono wake ukiwa mkononi mwa Romana. Ameacha mjane, binti mmoja, wazazi wake wote wawili, mdogo wake Lukas, na binamu mmoja ambaye hana tena mtu wa kumtania.

Tangu juzi watu wanaingia msibani wakiuliza kijana huyu alisomea nini hasa. Nilijiandaa kujibu mimi, maana maneno ninayo. Sijapata nafasi. Kila mara mama Magdalena anainuka mkekani, anajifunga kanga vizuri, anasema, "Mwanangu alisomea malezi ya samaki. Kaa hapa nikueleze."

Mungu ampokee Dionis wetu, naye apumzike salama.