Benye Batabeba Adjudant Balagizi

Baba padri, bakubwa ba jeshi, majirani, jamaa yote ya Nyantende, na ninyi benye mulitoka mbali, mukae, mwenye hana kiti asimame bila kulalamika. Mimi ni Rosalie, mama ya huyu mwenye kulala hapa, na jamaa imenipa kazi ya kusoma maisha yake.

Tangu jana kuko kelele mu parcelle, kiwanja ya nyumba yangu, juu ya neno moja, nani atabeba sanduku. Shemeji Grégoire, mukubwa wa jamaa, anasema mutu ya damu yetu habebwi na bageni, na askari ba peloton ya marehemu, kikosi chenye aliongoza, banasema hawatamwachia mutu mwingine, mukasukumana mbele ya maiti kama mbuzi ku mulango. Basi nitasoma, kisha nitasema nani anabeba, na kelele itaishia hapo.

Marehemu Balagizi Karhibula alizaliwa hapa Nyantende tarehe 14 septembre 1941, mutoto wa kwanza wa marehemu muzee Karhibula, mulimaji, na mimi, alibatizwa Théodore, mu mwaka 1972 serikali ikaondoa majina ya ubatizo, ku makaratasi akabakia Balagizi, ku meza yangu akabakia Théodore, na hakuna mutu alikuja kunifunga.

Alianza masomo hapa hapa mu 1949, akafika mwaka ya tano ya primaire, hakukuwa na akili ya ajabu, nasema ukweli, lakini kitu alijua alikijua, na mu 1954 baba yake akakufa, akaacha shule, akashika jembe pamoja na mimi na dada yake Georgette, huyu mwenye kukaa kule nyuma kabisa na ananiangalia vibaya.

Tarehe 2 mai 1962 aliingia jeshi, bakamutuma huku na huku, akakuwa sergent mu 1969, adjudant mu 1976, bakamupa peloton hapa Bukavu, batu batokao pande zote za Zaïre, Mulega wa Shabunda, kijana wa Uvira anaitwa Feruzi mwenye kusali msikitini, bamoja ba Équateur benye kusema Lingala tu, na mujukuu wangu Pascal, mutoto wa Georgette, mwenye aliingia jeshi juu alipenda viatu.

Tarehe 20 août 1966 alioa Adolphine, binti ya Mudaka, ng'ombe zilifika kwao zote na miguu yao, Mungu akabapa batoto saba, batano bako hapa mbele yenu, na Adolphine hajawahi kunijibu vibaya mbele ya batu, nyuma ya nyumba ni mambo yetu.

Sasa nieleze namna yake ya kuongoza, juu njo inaleta hii kelele. Théodore alikuwa anakula wa mwisho. Sufuria ikiiva, askari wa cheo cha chini anakula mbele, yeye nyuma, na kama imebakia ukoko anakula ukoko. Hakufundishwa ku école ya jeshi. Mu nyumba yangu mwenye kushika kijiko anakula nyuma, juu akikula mbele, nyama inamufuata yeye peke yake.

Mu 1979 bakabatuma kulinda barrière ya barabara ku Kamanyola, chakula ya jeshi ikakawia, na Théodore alikuwa amekataza kabisa kugusa muzigo ya mupitaji. Siku moja akaenda ku commandement kuulizia bakubwa chakula, nyuma yake camion moja ikasimama, mama mmoja wa Uvira, jina yake Nyota, akashuka na bitunga vya ndagala, samaki ndogo ya ziwa, Pascal akamunyanganya kimoja, mama akabakia anabishana, camion ikaondoka bila yeye. Jioni Théodore akarudi, banakula, sufuria ikamufikia wa mwisho, akaona samaki. Akauliza, "Hii ilitoka wapi?" Mu peloton nzima hata mmoja hakutaja Pascal. Akaweka kijiko chini, akasema, "Vizuri, muko umoja. Mwivi iko na umoja pia. Kesho tutaona umoja wenu unaweza kubeba nini."

Asubuhi akamukuta mama Nyota anakaa juu ya bitunga vyake kando ya barabara, akamwomba musamaha, mama akasema, "Sitaki musamaha ya askari, nataka gari." Théodore akageukia batu bake, "Gari ilimuacha juu yetu, basi sisi njo gari." Akaazima mikaba kwa banamuke ba soko, ile ya kupitisha ku kipaji ya uso muzigo ikilala ku mugongo, ile Mushi mwanaume, mutu wa kabila yetu, hawezi kuvaa hata akikufa njaa, juu ni ya banamuke, akajifunga wa kwanza, kitunga kikubwa kikakuwa chake, cha pili akamufunga Pascal na mikono yake mwenyewe, bakapanda mulima mukali, escarpement ya Ngomo, na uniforme, bakipokezana, batoto ba barabara banaimba, "Bamama ba jeshi, bamama ba jeshi!" mpaka huko juu Nyangezi, kwenye mama Nyota alipata camion ingine.

Habari ikafika Bukavu mbele yao. Georgette akaja hapa kwangu, akasema, "Amemuvalisha mutoto wangu mukaba kama binti, mbele ya Kivu yote, sina kaka tena." Na kweli, tangu siku ile hakukanyaga mulango ya kaka yake, miaka kenda, mpaka jana.

Mu 1984 bakabapeleka mu vita, mu milima nyuma ya Fizi. Adui akawapiga pande mbili, kuko gari moja iligeuka mapema sana, sisemi ilibeba nani, peloton zingine kila mutu akafuata miguu yake. Ya Théodore haikukimbia. Juzi niliuliza Feruzi, "Na wewe mbona haukukimbia, hauna mama?" Akanijibu, "Maman, utamukimbia aje mutu mwenye alibeba ndagala na wewe? Utapita wapi na ile uso?" Risasi ikaingia Théodore mu kifua, bakakosa brancard ya kumulalisha, na Pascal akafungua mukaba ya bunduki yake, akaunganisha na ya Feruzi, akaweka mujomba wake ku mugongo, mukaba ku kipaji, akamushusha mulima, benzake mbele na nyuma na bunduki. Hakuna mutoto aliimba.

Ile risasi haikutoka, ikakuwa inamula pole pole, mu mwezi ya août mwaka huu akaanza kutapika damu, akalazwa hapa Bukavu, akatuacha tarehe 3 novembre 1988, asubuhi, kisha kuuliza kama bagonjwa ba kando yake bamekula.

Tunashukuru baganga na ba infirmière, balifanya yenye baliweza, tunashukuru majirani kwa kuni, maji na unga, jeshi kwa mbao ya sanduku, misumari ilitoka kwetu, na askari ba peloton yake, benye balilala inje na mvua bila kugusa hata ndizi moja yangu.

Sasa sanduku. Shemeji Grégoire, njia ya kushuka mu migomba iko mwembamba na imeloa, ku mabega litaanguka, nawe unajua. Jamaa imechimba kaburi, hiyo kazi yetu tumeimaliza. Litabebwa na mikaba, na benye banajua kuvaa mukaba ni hawa. Pascal atashika mbele, yeye iko damu yetu na iko wao, hautapata kitu ya kusema.

Bamama, mufungue mikaba ya bitunga yenu, mulete. Ya kwanza itoke kwako, Georgette. Simama, mwanangu, tunakungojea, umufunge mutoto wako mwenyewe.

Théodore, bengine bote bamekwisha kula. Tua muzigo, pumzika kwa amani.