Hodi ya Mdogo Wake

Wazee wetu, ndugu, majirani, mafundi waliofanya kazi na marehemu, na nyinyi mliosimama kule nyuma mkidhani hamuonekani, familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yangu, kazi hii alipewa kwanza binti yake, akasema sauti yake haitafika mwisho, ikaletwa kwangu mimi niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, si kwamba shule ilinishinda, tulitoka sare, na kama kuna kitu sikukiacha darasani ni sauti, kwa hiyo tulieni.

Kikao cha familia cha juzi kilinishauri kwamba nikifika kwenye ile miaka minne niseme marehemu alikuwa safarini, nikawauliza, mtu asafiri miaka minne arudi bila hata zawadi ya sabuni, ni safari gani hiyo, na mtaa mzima unajua alikokuwa, basi nitaisoma yote, na mwenye kutaka kujikunja kwenye kiti ajikunje mapema.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, ambaye alikuwa mpaka rangi wa mabehewa ya reli, akawa mtoto wa kwanza kati ya wawili, wa pili ni baba yangu, aliyemfuata baada ya miaka mitano, na hapo katikati hakuna mwingine aliyeishi, kwa hiyo walikua wawili tu, kama macho.

Alianza shule mwaka 1965, akawa mkali wa hesabu kuliko wavulana wote wa darasa lake, lakini Novemba 1970 mama yao alifariki, naye akaacha shule akiwa darasa la sita ili mdogo wake aendelee, kwa hiyo anayesema kuacha shule katika ukoo huu nimeanza mimi, akae chini. Alimlea baba yangu kwa mkono wake, akampikia, akamfulia, akamchapa pale ilipobidi, na siku baba alipoitwa kwenye usaili wa polisi, suruali aliyovaa alishonewa na dada yake, akapita, na mshono ule anausifu hadi leo kuliko anavyousifu usaili wenyewe.

Kuanzia mwaka 1974 marehemu alifanya kazi katika karakana ya kushona sare za shule, akapanda hadi kuwa mkata vitambaa, na tarehe 6 Desemba 1986 aliolewa na fundi wa malori aliyejulikana kwa jina la Spana, mtu mpole, mwenye kucha nyeusi ambazo sabuni zote zilizishindwa, wakajaliwa binti mmoja tarehe 2 Mei 1989. Spana alifariki tarehe 19 Januari 1992, jeki ilipoteleza akiwa chini ya lori, na mwaka uliofuata karakana nayo ikafungwa, nguo za mitumba zilipoingia sokoni kwa bei ambayo cherehani haiwezi kushindana nayo, akabaki mjane, hana kazi, ana mtoto na kodi ya nyumba.

Hapo ndipo alipoingia kwenye kazi ambayo kikao kilitaka niiite biashara ndogondogo, alikuwa anapika pombe kali, pipa moja, bomba la shaba na ndoo ya maji baridi, jikoni kwake, wakati huo sheria inakataza. Wateja walikuja kwa mlango wa nyuma, hawakutaja pombe, walisema wamekuja kuchukua dawa ya kikohozi, ndipo akaitwa Daktari, na mnakumbuka wenyewe mtaa huu ulivyokuwa unakohoa miaka ile, kiangazi na masika, walimu walikohoa, makarani wa mahakama walikohoa, na yuko mzee mmoja viti vya mbele, simtaji, kikohozi chake kilikuwa hakisikii dawa mpaka mshahara uishe.

Hakujisifia kazi hiyo, nami sitamsifia kuliko alivyotaka, kwani alimwona seremala wa jirani akianza na kikombe kimoja cha Jumamosi, akaishia kukipokea asubuhi kwa mikono miwili ili kisimwagike, akamnyima, seremala akahamia kwa mpishi mwingine, akafa, na mjane wa seremala akaacha kumsalimia shangazi, naye shangazi hakumlaumu hata siku moja.

Tarehe 9 Agosti 1997, Jumamosi asubuhi, polisi walikuja. Marehemu alikuwa na mlango wa mbao wenye makomeo mawili, hamfungulii mtu asiyemjua kwa sauti, na mkubwa wa kikosi alilijua hilo, akamchukua konstebo mmoja, ambaye ni baba yangu, akamwambia abishe yeye, akamhakikishia kwamba itakuwa faini ndogo na kumwaga pipa, basi, na baba akaona afadhali aende yeye kuliko aende mtu wa mateke, akabisha, akasema hodi dada, ni mimi, na marehemu akafungua huku anafuta mikono kwa kitambaa, akiwa ameshasema karibu kabla ya kuwaona waliosimama nyuma ya mdogo wake.

Haikuwa faini. Hakimu alisema mtu mwenye ndugu polisi ndiye anayepaswa kuwa mfano, akamfunga miaka minne tarehe 21 Agosti 1997, na katika wagonjwa wote wa kikohozi hakuna hata mmoja aliyefika mahakamani, isipokuwa karani, ambaye alikuwepo kwa sababu ndiyo kazi yake, akaandika hukumu bila kuinua uso. Shangazi aliitumikia miaka yote minne, bila kupunguziwa hata mwezi, kwa kuwa alimjibu mkuu wa gereza mara mbili, na huko alishona sare za wafungwa wenzake, binti yake akachukuliwa nyumbani kwetu akiwa na miaka minane, na shangazi alipotoka Agosti 2001 binti alikuwa na miaka kumi na miwili na alishazoea kumwita mama yangu mama, wakajaribu wiki mbili, kisha shangazi mwenyewe akafunga begi la mtoto, akamrudisha kwetu, akasema mti uliokwisha kushika haung'olewi.

Kuanzia hapo aliishi peke yake, chumba na jiko, cherehani dirishani, akipunguza nguo za watu na kuziongeza, na wale waliokuwa wakipita kwa mlango wa nyuma walivuka barabara walipomwona mchana, wakituma nguo zao kwa mikono ya watu wengine, naye alizijua suruali zote kwa viuno, akajua nani anakonda na nani ananenepa katika mtaa ambao haumsalimii.

Baba alikuwa akienda kila Jumamosi. Alitaka kitu kimoja tu, aambiwe karibu, na alibisha vilevile, hodi dada, ni mimi, na kutoka ndani akajibiwa, sema ukiwa hapohapo, Afande, akawa anakaa kibarazani, kikombe cha chai kikipitishwa dirishani katikati ya nondo, na mabishano yakaanza, baba akisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, shangazi akimjibu kwamba msumeno wake una meno upande mmoja, maana wanywaji walikuwa nyuma na hawakukwaruzwa, baba akisema kila mtu akipika mtaa utalala chali, shangazi akisema mtaa huu ulilala chali kabla yeye hajanunua pipa, miaka na miaka, kiti ndani, kiti nje, na mimi ningeyamaliza mabishano yale kwa dakika tano, ila hakuna aliyeniuliza.

Tarehe 17 Oktoba 2015 maofisa walikuja kwenye ukumbi wa shule kukusanya maoni, kwamba serikali inafikiria kuiruhusu pombe ile kwa leseni, na baba, aliyekuwa ameshastaafu, akasimama na tai yake, akasema iruhusiwe, kwa sababu ameona magereza yakijaa wapishi huku wanywaji wakilala kwao, na kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kubisha mlango ambao hakupaswa kuubisha, alisema hivyo mbele ya watu, akakaa. Ukumbi ukageuka kumtazama shangazi, wengi wakidhani wataona watu wakikumbatiana, shangazi akasimama, akasema yeye hataki iruhusiwe, yeye ndiye aliyekuwa anakishika kikombe, aliiona mikono ya wanaopokea, tena akauliza, ikiwa kuanzia kesho si kosa, miaka yake minne ilikuwa ya nini, na nani atamrudishia mtoto wa miaka minane. Ofisa mmoja aliandika kitu, kisha wakaita msemaji mwingine.

Sheria ilibadilishwa mwaka 2016, na wa kwanza kupata leseni katika eneo letu alikuwa yuleyule mkubwa wa kikosi, ambaye duka lake lina vioo na chupa zake zina picha ya bibi mnene anayecheka kando ya chungu, shangazi akaitazama siku moja akasema huyo bibi hajawahi kupika, mikono yake haina kovu. Baba akamletea habari kwamba sasa mtu anaweza kuomba hukumu yake ya zamani ifutwe, akajitolea kufuatilia mwenyewe, na shangazi akamjibu kupitia dirisha kwamba iachwe ilipo, ndiyo peke yake inayoonyesha kwamba hakumwacha mtoto wake kwa kupenda, kwa hiyo wanakikao mnisamehe, ya safari nimeshindwa.

Tangu mwaka 2021 marehemu alisumbuliwa na shinikizo la damu, na tarehe 27 Mei 2024 alipata kiharusi akiwa kwenye cherehani, akalazwa hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka dirishani, na wodi ile haina mlango ambao mgonjwa anaweza kuufunga. Baba alifika akasimama pale pa kuingilia, kofia mkononi, hakubisha, muda wa kutazama wagonjwa ulikuwa umekwisha, muuguzi akataka kumtoa, akamuuliza shangazi kama anamfahamu yule mzee, na shangazi, kwa upande mmoja wa mdomo uliobaki ukifanya kazi, akasema ni mdogo wangu, kisha akamgeukia akasema, Afande, sijamaliza kukukasirikia, kaa.

Akakaa, siku ile na zilizofuata, wakibishana kidogokidogo kadiri pumzi ilivyoruhusu, hadi Jumatano tarehe 12 Juni 2024, mchana, marehemu alipofariki, baba akiwa kwenye kiti kile. Jana baba aliniomba niandike kwamba alisamehewa, nikamuuliza kama dada yake alisema hivyo, akajibu kwamba alisema kaa, basi nimeandika alichosema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa muuguzi aliyeuliza kabla ya kufukuza, tunawashukuru mafundi wenzake wa karakana ya zamani waliomshonea nguo hii aliyoivaa, mjane wa seremala aliyekuja jana na kukaa na binti wa marehemu, na majirani wote, mmekuja wengi kuliko tulivyotarajia, yeye angeshangaa, kisha angewatania.

Shangazi, pumzika kwa amani, sisi wengine tutaondoka viti vikisharudishwa, baba amesema yeye atakaa.