Gari ya Viti Viwili

Ndani ya basi ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano, Mama Nkandu alimgeukia fundi mmoja wa magari aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua hata jina. "Kijana mwenye kutaka kuoa mujukuu wangu ameuza kamionete yake, gari ya kubeba samaki ya kutoka Kasenga, akanunua gari ya mbio kwa muzungu mwenye kurudia Ulaya. Viti mbili tu, na bei inapita ya gari ya viti tano."

"Citoyenne, ile gari fabriki yenyewe iliitengeneza juu ya kushindana," fundi alisema kwa heshima. "Walitosha viti ya nyuma, waliiondoa kabisa, walitosha na radio, iko mwepesi. Ile bei iko ya haki."

"Walitosha viti, halafu bei ikapanda? Mimi nikitosha samaki mu kitunga, watu watanilipa mingi?"

"Mama, inakimbia sana."

"Siku ya posho, ile Jumamosi, anakuja kuchukua mutoto kwa ndoa. Shangazi yake mwenye kumusindikiza kwa bwana atakaa wapi?"

"Shangazi anaweza kufuata na basi."

Abiria wote wakamtazama fundi, hata wale waliokuwa wakisinzia. Dereva akasimamisha pale uwanja wa ndege. Mama Nkandu akajitwika kitunga chake.

"Kama shangazi hana kiti, mutoto hatoki mu nyumba," alisema, akashuka.