Historia ya Baba Yetu, Fundi wa Hewa wa Chumba cha Kushonea

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, kwa niaba ya mama na familia nzima nawasomea maisha ya baba yetu, fundi wa mitambo ya hewa, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Pumzi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1974, mtoto wa tatu wa mwashi na mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1988, akasomea ufundi wa umeme, na mwaka 2001 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, alikokaa hadi mwisho. Tarehe 14 Septemba 2002 alimwoa mama yetu, wakajaliwa watoto watatu, dada ambaye ni mshonaji katika kiwanda hichohicho, mimi niliyeacha masomo kidato cha pili ili nimuuguze baba, na mdogo wetu wa mwisho.

Miaka miwili iliyopita alikabidhiwa vifaa vya kupima hewa ya ukaa, yaani ile tunayoitoa tukipumua, akakifunga kimoja ukutani katika chumba cha kushonea, ili namba ikipanda ijulikane kwamba watu wamezidi au hewa haiingii. Alikiamini mno, hata washonaji walipolalamika kwamba vichwa vinawagonga na wanasinzia kwenye cherehani aliwajibu, "Mashine haina mjomba, nyie laleni mapema," nasi nyumbani tukacheka, isipokuwa mama, aliyesema kitu kisichowahi kumlaumu bosi hata siku moja si cha kuaminiwa.

Kwa kuwa namba ilikaa chini, ofisi ilihesabu kwamba chumba kina nafasi, ikaongeza meza. Mwezi Februari mwaka huu baba, aliyekuwa ameanza kukohoa, alikitoa kifaa uani kwa muda kukijaribu, kikaonyesha namba ndogo kuliko hewa ya nje inavyoweza kuwa, ndipo akalijua kosa lake. Kifaa cha aina ile hujirekebisha chenyewe, huchukua hewa bora kuliko zote zilizokipitia wiki ile na kuihesabu kuwa hewa safi ya nje, lakini chumba kile kina zamu za mchana na usiku, madirisha hufungwa vumbi lisichafue vitambaa, hakibaki kitupu kamwe, hivyo kifaa kiliizoea hewa chafu na kuiita safi.

Alimweleza msimamizi, akajibiwa, "Fundi, jitibu kwanza, hayo tuachie sisi," na alipolazwa tarehe 2 Aprili kwa kifua kikuu, msimamizi alifika wodini, na kabla ya kumjulia hali akamuuliza nani mwingine anajua. Hatudai kujua baba aliupatia wapi ugonjwa, madaktari nao hawakusema, ila walitueleza kwamba huambukizwa kwa hewa, na dada anasema kifaa kingali palepale, namba yake nzuri. Kiwanda kimetuletea hotuba inayosema hewa ilipimwa ikaonekana salama, nasi tumeomba isisomwe.

Baba alifariki tarehe 19 Juni asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kulala nasi, na washonaji wenzake dada, mlioahidi kwamba Jumatatu hakuna atakayeketi kabla madirisha hayajafunguliwa, na mwenye kuitilia shaka ahadi hiyo ajue kwamba mama anakwenda nanyi.

Baba, umechoka, sasa tuachie sisi, pumzika kwa amani.