Ardella Tveiten na Barua ya Jumatatu

Kwa niaba ya familia za Rustad na Tveiten, na mbele yenu nyote mliofika katika kanisa hili leo, Jumamosi tarehe 23 Februari 2019, wengine mkiwa mmetoka nyumbani saa kumi alfajiri kwa sababu ya barafu barabarani, tunasoma maisha ya mama yetu, Ardella Marie Tveiten, ambaye wengi wenu mliijua sauti yake kwenye simu kabla hamjamwona uso, na ambaye aliagiza kwamba kila tarehe kamili katika karatasi hii itajwe pamoja na siku yake ya wiki. Sababu ya agizo hilo mtaisikia.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 17 Novemba 1940, siku sita baada ya ile tufani ya theluji iliyoua ng'ombe wengi katika kaunti yetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Ingvald na Borghild Rustad, wakulima wa ngano. Baba yake alikuwa pia katibu wa bodi ya shule ya chumba kimoja iliyokuwa mwisho wa shamba lao, na barua zote kutoka idara ya elimu ya jimbo zilifikia kwenye meza yao ya jikoni, ndefu, zenye maneno ya kisheria, nyingine za kurasa nane. Mzee Ingvald alikuwa na darasa la sita tu, hivyo alimpa Ardella asome kwa sauti, na kila aya ilipokwisha aliweka kikombe chake cha kahawa chini akauliza, "Haya binti, wanataka nini, na lini?" Kama jibu halikuwemo alisema, "Rudia, huenda wamelificha," na mtoto alirudia mpaka alipolipata. Wadogo zake walimcheka wakimwita katibu wa katibu, naye hakujali.

Alisoma katika shule hiyo ya chumba kimoja kuanzia Septemba 1946 hadi Mei 1954, akaendelea na sekondari mjini, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu Ijumaa tarehe 1 Juni 1962. Alifundisha darasa la nne kwa miaka minane, na waliokuwa wanafunzi wake wanasema hakuwahi kupandisha sauti, ila alikuwa na namna ya kukaa kimya iliyomfanya mtu akumbuke kazi ambayo hakuimaliza.

Jumamosi tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na Gaylord Tveiten, mkaguzi wa mizani kwenye maghala ya nafaka, mtu mpole aliyependa utani, wakajaliwa watoto wawili, Roald, aliyezaliwa Jumamosi tarehe 8 Aprili 1967, na Signe, aliyezaliwa Ijumaa tarehe 21 Agosti 1970, ambaye ndiye anayewasomea. Baadaye walipata wajukuu watatu. Gaylord alimtangulia Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2009, na kwa muda mrefu baada ya hapo marehemu aliendelea kuweka vikombe viwili mezani, bila huzuni ya kuonekana, akisema mkono wake ndio uliozoea.

Jumanne tarehe 7 Septemba 1971 aliajiriwa katika idara ya elimu ya jimbo, makao makuu, akiwa mpiga chapa, na baada ya miaka miwili akakabidhiwa taarifa ambazo idara huwapelekea wasimamizi wa shule wa wilaya zote, wakati huo wilaya za shule mia mbili na kumi na moja, nyingine zenye shule moja tu. Taarifa hizo zilikuwa zikitoka ovyo, mara tatu kwa wiki moja, kisha kimya mwezi mzima, na kila ofisi ikiandika kwa lugha yake. Marehemu aliziunganisha kuwa barua moja, ya kwanza ikatoka Jumatatu tarehe 7 Januari 1974, kwa mashine ya kurudufu iliyompaka wino mpaka viwikoni, na juu ya kila habari aliandika mistari miwili, wa kwanza ukisema idara inataka nini, wa pili ukisema lini. Wakubwa wawili walilalamika kwamba mambo mazito ya elimu yamefanywa kama orodha ya kwenda sokoni. Aliwajibu kwa adabu kwamba msimamizi wa wilaya ndogo hufundisha hesabu asubuhi, huendesha basi la shule mchana, na huisoma barua ya serikali akiwa amesimama.

Hivyo kwa miaka ishirini na nne Barua ya Jumatatu ilisomwa na kuaminiwa, na tunafika sasa mahali ambapo yeye mwenyewe alituagiza tusiparuke.

Katika jimbo letu wakati ule, wilaya yenye wanafunzi chini ya hamsini ilipaswa kila mwaka kupeleka ombi la kubaki, lenye sahihi za wapiga kura wake, kabla ya kufungwa kwa ofisi Ijumaa ya pili ya mwezi Machi, na isipopeleka iliunganishwa na jirani. Mwaka 1997 Ijumaa hiyo iliangukia tarehe 14. Barua ya Jumatatu tarehe 2 Februari 1998 ilipoandaliwa, marehemu alichukua aya ya mwaka uliotangulia, akabadilisha mwaka, akasahau kubadilisha siku. Barua ikasema tarehe 14 Machi, nayo mwaka huo ilikuwa Jumamosi. Wilaya nyingine ndogo zilipeleka mapema kwa mazoea, ila wilaya ya Kvale, yenye wanafunzi arobaini na mmoja, ilikuwa na msimamizi mpya, Bwana Orrin Skaar, aliyekuwa na miezi saba kazini, na ambaye zaidi ya Barua ya Jumatatu hakuwa na mazoea mengine ya kutegemea.

Bwana Skaar yuko nasi leo, na ameturuhusu tuyaseme haya. Alikusanya sahihi mpaka Ijumaa jioni, na Jumamosi aliendesha maili mia moja na tisini akiwa na bahasha kwenye kiti cha pembeni ameifunga mkanda. Alikuta jengo limefungwa, na mlinzi akinywa supu nyuma ya kioo.

"Barua inasema leo," alisema Bwana Skaar.

"Barua inasema leo, lakini mlango unasema Jumatatu," alisema mlinzi, kisha akamwonea huruma akamwingiza apate joto.

Jumatatu tarehe 16 Machi bahasha ilipokelewa, ikagongwa muhuri wa kuchelewa. Mchana huo simu ya marehemu ililia, naye alikuwa Bwana Skaar.

"Bi. Tveiten, nina swali la kijinga."

"Uliza tu. Wenye maswali ya werevu huwa hawanipigii mimi."

"Mwaka huu tarehe kumi na nne ilikuwa siku gani?"

Marehemu alitazama kalenda ya ghala la nafaka aliyokuwa amepewa na mumewe, iliyoning'inia mbele ya macho yake tangu Januari, na alituambia baadaye kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuona mraba mdogo kama ule ukiwa mkubwa kiasi kile. Shule ya jirani na Kvale ilikuwa umbali wa maili arobaini na saba, na kulikuwa na watoto wa miaka mitano ambao wangekaa ndani ya basi saa tatu kwa siku, majira ya baridi yetu, kwa sababu yeye alinakili aya.

Kvale ilikata rufaa kwa bodi ya elimu ya jimbo. Mkurugenzi wa marehemu hakuwa mtu mbaya, na tunaomba asihukumiwe hapa. Aliogopa kwamba wilaya moja ikifunguliwa mlango, nyingine zitakuja na visababu vyao, na alijua kwamba sheria husema Ijumaa ya pili, na barua si sheria. Alimwambia, "Ardella, andika kwamba kulikuwa na hitilafu ya uchapaji, tusonge mbele. Usijitie kwenye shauri la bodi."

"Mashine haikukosea, bosi. Mimi ndiye niliyekosea."

"Ukisimama pale utakuwa unasema dhidi ya idara yako."

"Nitakuwa nasema dhidi yangu. Hilo nina ruhusa nalo."

Jumatatu tarehe 23 Machi barua ilitoka, na habari yake ya kwanza ilikuwa na mistari miwili kama kawaida. Ninachotaka: mniambie, mnapotaka kujua tarehe ya mwisho, mnafungua kitabu cha sheria au mnafungua barua hii. Lini: kabla ya Jumatatu tarehe 6 Aprili. Chini yake aliandika kwamba tarehe ya Kvale aliikosea yeye, akatia jina lake kamili. Majibu yalianza kuja siku ya tatu, kwa posta na kwa faksi, mengine ya neno moja, na msimamizi mmoja wa magharibi aliandika kwamba kitabu cha sheria anacho, kinazuia dirisha lake lisijifunge. Alipofika Alhamisi tarehe 9 Aprili 1998 kwenye kikao cha bodi ya elimu ya jimbo, marehemu alikuwa na majibu mia moja themanini na sita ndani ya sufuria ya kuokea yenye mfuniko, kwa sababu ndicho chombo pekee nyumbani kilichotosha.

Mwanasheria wa idara alieleza, kwa ufasaha na bila ubaya, kwamba asiyejua sheria hasamehewi kwa kutoijua. Marehemu alipopewa nafasi alifungua mfuniko, akasema kwamba jimbo limekuwa likizungumza na wilaya zake kwa mdomo mmoja kwa miaka ishirini na nne, na mdomo huo ni yeye. Akasema, "Mkitaka kumwadhibu aliyekosea tarehe, nipo hapa, nimekaa kiti cha mbele. Watu wa Kvale walifika siku tuliyowaita. Sisi ndio hatukuwepo." Alikaa. Mjumbe mmoja aliuliza kama sufuria ile ina chakula, watu wakacheka, kisha wakapiga kura, wanne kwa watatu, ombi la Kvale likapokelewa.

Yeye mwenyewe alipewa onyo la maandishi, akaomba nakala yake, akaibandika ukutani kando ya kalenda, na ilikaa hapo hadi alipostaafu. Tangu wiki hiyo kila tarehe katika Barua ya Jumatatu iliandikwa na siku yake. Tena, kila Ijumaa saa nane mchana alimpigia simu msimamizi mpya kuliko wote jimboni, kila mmoja akiwa na kalenda mkononi, wakasoma tarehe zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, kabla barua haijaenda. Wa kwanza kupigiwa alikuwa Bwana Skaar. Ninyi mliopitia simu hiyo ya Ijumaa mnajijua, tunaona mnatikisa vichwa, na mnajua kwamba ilianza na tarehe ikaishia kwenye paa linalovuja, mwalimu wa sayansi asiyepatikana, na mzazi anayetishia kwenda kwenye gazeti.

Alistaafu Ijumaa tarehe 30 Juni 2006. Wilaya ya Kvale haikudumu milele, ilijifunga yenyewe kwa kura Jumanne tarehe 12 Machi 2013, watoto wakiwa wamebaki kumi na mmoja, na marehemu alikwenda, akaketi nyuma ya ukumbi wa mazoezi, akala keki yao, akalia kidogo. Tulipomuuliza ndani ya gari kama hakuona kwamba jitihada ile ilikuwa ya bure, alisema, "Hapana. Safari hii wameamua wao, tena siku waliyoichagua wao."

Jumatatu tarehe 5 Novemba 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alipomweleza kwa upole na kwa maneno mengi, marehemu alimuuliza, "Inataka nini, na lini?" na daktari, ambaye alisoma katika mojawapo ya shule za wilaya zetu, alimjibu kwa mistari miwili. Alirudi nyumbani, akapanga mambo yake kwa mpangilio ule ule, akaandika nyimbo za ibada hii, akachagua kahawa itakayonywewa katika ukumbi wa chini baada yake, na alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 19 Februari 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, watoto wake wote wawili wakiwa wamemshika mikono.

Familia inamshukuru Daktari Ahlquist, wauguzi waliokuja nyumbani hata siku ambazo barabara ilifungwa, majirani wa mtaa wetu waliosukuma theluji mlangoni bila kuombwa na kuleta viazi vya kuokwa mpaka jokofu likakataa kufungwa, akina mama wa kanisa, wafanyakazi wenzake wa idara, akiwemo mkurugenzi wake wa zamani, ambaye ametuma maua, na wasimamizi wa shule mliopo na msioweza kufika.

Aliagiza jambo moja la mwisho, kwamba karatasi hii isisomwe kabla haijapita kwenye simu ya Ijumaa. Jana saa nane mchana tulimpigia Bi. Kirsa Grondahl, aliyeanza kazi ya usimamizi Januari hii, tukamsomea tarehe zote mlizozisikia. Alizipitisha zote isipokuwa moja. Mnajua ardhi sasa hivi ni jiwe, na mama atasubiri hadi ilainike, nasi tulikuwa tumeandika kwamba atazikwa Jumamosi tarehe 12 Mei. Bi. Grondahl alisema kwa woga, "Samahanini, mimi ni mgeni, lakini tarehe kumi na mbili ni Jumapili." Tulikuwa tumetazama kalenda ya mwaka jana.

Kwa hiyo tunachotaka: mje tumsindikize, makaburi ya Rustad, kando ya shamba alikozaliwa. Lini: Jumamosi tarehe 11 Mei 2019, saa tano asubuhi, na mlango utakuwa wazi.

Mama, tarehe zimesomwa kwa sauti na zimehakikiwa. Pumzika kwa amani.