Bunduki ya Keya na Maksai wa Bujiku

Pale Ngokolo, nje ya duka lililofungwa tangu bidhaa ziadimike, Akida alikuwa na benchi, jiko la mkaa na birika la kahawa. Kashata zilikuwa zimegeuka hadithi kwa kukosa sukari, lakini wateja wake hawakubanduka. Asubuhi ile Athanas alikuja na bunduki ya marisau ya marehemu baba yake, akisema ni ya askari wa Keya, jeshi la mkoloni, tangu vita vya Hitla. Mnunuzi alikuwa Bujiku, mchimba dhahabu wa Geita. Wezi walikuwa wamemsombea ng'ombe nyumbani kwake, wakamwachia maksai wawili wa plau, na hao ndio aliowafunga kwenye nguzo, tayari kuwatoa kwa bunduki. Kibali cha polisi kilikuwa mfukoni. Kilichomkosesha raha ni wahunzi wa siku hizi, wanaounda bunduki kwa mabomba ya maji na kuzigonga mhuri wa jeshi. Zikipasuka, zinaondoka na vidole vya mtu.

— Mhuri si huu hapa? alisema Athanas. Taji la mfalme.

— Taji hata kwenye kijiko nakugongea, alijibu Salehe Mizani, mnunuzi wa dhahabu. Lete tuikwaruze kwenye jiwe langu la kupimia. Kama ni ya kuchovya, itajulikana.

Akakwaruza, akalitazama jiwe kwa jicho moja.

— Enhe? Bujiku aliuliza.

— Si dhahabu.

— Sasa Salehe, nani kasema ni dhahabu?

Valerian Cherehani, fundi nguo, akaudaka mkanda wa bunduki.

— Achaneni na chuma. Tazameni mshono huu, uzi mara mbili. Fundi wa jeshi akishona uzi mmoja anawekwa ndani. Hii ni ya Keya, namaliza!

— Mkanda niliubadilisha juzi juzi, Athanas alisema kwa upole.

— Basi aliyekushonea alipitia jeshini!

Akida alimimina kahawa, akatikisa kichwa.

— Nyie hamjui. Bunduki ya jeshi inaamka na tarumbeta. Ukiipigia gwaride, mtutu unatetemeka wenyewe.

— Tarumbeta tutaitoa wapi?

— Piga mluzi.

Valerian akapiga mluzi wa gwaride mpaka mate yakamkauka. Bunduki ikalala vilevile kwenye gunia lake.

— Imestaafu hiyo, alisema Salehe. Mnajua nini? Mpelekeeni ng'ombe ainuse. Ng'ombe anaijua baruti ya kweli. Akikimbia, ni ya jeshi.

Bujiku aliona ni upuuzi, lakini alikuwa anataka jibu, lolote. Akaibeba mpaka kwenye nguzo. Mmoja wa maksai, yule mwekundu, akanusa kitako, akafikiri, kisha akakilamba kwa ulimi mrefu, chini mpaka juu.

— Kaikubali! Valerian aliruka.

— Kaikataa! Salehe alipinga. Hajakimbia!

— Analamba jasho la Keya! Mnaona chumvi hiyo? Jasho la vita hilo!

Kijiwe kizima kikacheka, hata Athanas. Bujiku naye alicheka, na hofu ikamtoka. Akanyoosha mkono ili wafunge biashara.

— Shikamooni.

Alikuwa mkewe, Mama Mabula, na ndoo ya unga kichwani, ametoka mashineni. Wakaitikia, wakamweleza yote kwa pamoja, jiwe, mshono, mluzi na ulimi. Alisikiliza, macho yake yakiwa kwa maksai wake wa kulimia.

— Haya, ni ya Keya kweli, alisema. Sasa Baba Mabula, leo si unarudi machimboni?

— Narudi.

— Na kibali ni cha jina lako peke yako. Wezi wakija, ataishika nani?

Salehe alilitazama jiwe lake. Valerian akaanza kuukunja mkanda. Akida aliinamisha birika juu ya kikombe cha Bujiku, likatoa masimbi matupu ya kahawa. Bujiku alimwangalia mkewe, akakumbuka kwamba hata usiku wa wizi ule ni yeye aliyepiga mwano peke yake, akiita majirani, wakati yeye mumewe yuko shimoni Geita. Aibu ikamjaa.

Mama Mabula alimfungua maksai mwekundu. Kule stendi basi la Geita likapiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili. Bujiku akamrudishia Athanas bunduki yake, akashika kamba ya yule mwingine, wakaongozana kwenda nyumbani.